Salamu za Vivian

Adelphi, Maryland
Jumanne, mwezi wa tatu

Kwa dada yangu Mwatime, Likoni,

Nakusalimu salamu ya mtu aliyeketi kitako, si zile za simu za kukimbizana na chaji. Mguu waonaje? Dawa ya presha unaimeza, au waiangalia tu hapo juu ya kabati? Na mahamri je, wateja bado waja kabla hujateremsha karai? Jirani yako wa ukuta mmoja naye natumai ni mzima, na masikio yake yazidi kuwa mazima. Sisi huku, mimi na Maryam na watoto, hatujambo. Baridi imeanza kulegea na kifua changu kimelegea nayo. Layla amekua, anakuelewa kila neno, ila akijibu hujibu Kiingereza, kama karani wa ubalozi.

Nimekuandikia karatasi kwa sababu simu yako, dada, ni redio ya mtaa. Nikikutumia sauti, wewe huiweka spika, na kabla sijamaliza kusema “ahsante” habari imeshavuka feri. Barua hii anaileta Yasir, anasafiri Ijumaa. Nimeigundisha bahasha, na juu ya mfungo nimepitisha mistari miwili ya kalamu ya bluu. Ukiona mistari haikutani, basi Yasir ameshasoma, na usimpe chai. Isome peke yako, baada ya alasiri, mlango umeurudisha.

Habari yenyewe ni ya Sabri.

Wewe umeambiwa, na mimi ni mmoja wa waliokwambia, kwamba mwanao ameshapatikana na sasa anasubiri tiketi. Hakuna tiketi, dada. Ile kazi ya hoteli Bangkok, aliyoahidiwa na yule wakala wa Nyali mwenye saa mbili mkononi, haikuwa ya hoteli. Alipokewa uwanja wa ndege vizuri kabisa, akatiwa garini, akavushwa mto hadi upande wa Myanmar, akaingizwa katika majengo yenye kuta na walinzi, pasi ikachukuliwa. Humo ndani kazi ni moja: kukaa mbele ya simu nyingi, kujifanya mwanamke tajiri mpweke, na kuwachezea wazee wa Ulaya na Marekani mpaka watoe akiba zao. Asiyetimiza hupigwa. Sabri alikaa huko miezi kumi na minne.

Mwezi uliopita majengo yalivamiwa, watu wakavushwa tena kuja Thailand, wakapangwa safu mbili. Safu ya kwanza ni ya waliouzwa na kulazimishwa; hao hurudishwa makwao. Safu ya pili ni ya watuhumiwa. Hao hungoja mashtaka. Sabri aliwekwa safu ya pili, kwa sababu makaratasi yaliyokutwa yanaonyesha alifanya kazi vizuri mpaka akapewa kusimamia meza ya wenzake. Wewe wajua alivyokuwa darasani, hakukubali kuwa wa pili. Tukaambiwa faili za safu hiyo zinakwenda mahakamani mwisho wa mwezi huu, na huko mtu hahesabiwi kwa miezi.

Sasa nikueleze mimi nimeingiaje.

Wajua kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Huu ni mwaka wa tatu namtunza mzee mmoja wa Silver Spring, jina lake Harlan, mjane, ila kila mtu humwita Profesa. Alifundisha sheria za kimataifa miaka arobaini, na somo lake lilikuwa Asia: mahakama zilizowekwa huko kuwahukumu makamanda baada ya vita, nani alitoa amri, nani alitii, na aliyetii akiwa na bunduki kisogoni ana kosa gani. Macho yake yamekufa katikati, anaona pembeni tu, kama mtu anayechungulia jikoni kwa watu. Kwa hiyo kila siku baada ya chakula cha mchana humsomea. Mimi niliyeishia darasa la nane nimesoma hukumu za kurasa mia tatu pamoja na vile vijimaneno vya chini ya ukurasa, maana ukiviruka anajua. Kisha huniuliza maswali, na nikijibu vizuri hugonga fimbo sakafuni. Nimekuwa wakili bila joho na bila mteja.

Juni iliyopita uliingia ujumbe katika simu yake. Mwanamke, Vivian, wa Singapore, samahani amekosea namba. Nikamsomea. Profesa aliwahi kufanya kazi Singapore ujanani, akafurahi, akanambia nijibu kwamba hakuna ubaya. Kesho yake Vivian akarudi. Basi ikawa hivyo: yeye anaandika, mimi nasoma, Profesa ananipa jibu, mimi nabonyeza. Hebu nione ndugu yako, na ndevu zangu hizi nyeupe, nimeketi kwenye kiti cha ngozi nasoma kwa sauti maneno ya “mpenzi, jua la leo limenikumbusha sauti yako.” Sauti yenyewe hakuwahi kuisikia. Profesa ananambia nirudie pale pa jua.

Ikafika mahali Vivian akataja biashara yake ya sarafu za mtandaoni, jinsi inavyozaa. Mzee aliyewafunza majaji kupima ushahidi akatoa kidogo, kisha kingi. Mwezi wa kumi na moja binti yake, anayekaa Virginia, akaona hesabu za benki. Nusu ya akiba ya baba yake imekwenda.

Tangu siku ile nyumba ile haikukalika. Binti alikuja na daftari. Alituuliza mmoja mmoja, mimi na Serah. Serah ni Mkenya wa Nyeri, anashika shifti za Jumamosi na Jumapili, mwanamke wa kanisa, mkubwa, mwenye mkoba usiofunguliwa mbele ya watu. Binti aliuliza nani anajua neno la siri la simu, nani anajua mama yake alikufa lini, nani alijua baba yake anapenda kuulizwa habari za Asia. Maswali mazuri. Baba yake angegonga fimbo. Serah akaniangalia mimi, mimi nikauangalia mkoba. Miezi mitatu tukawa tunapokezana zamu kama askari wa mpakani: yeye anahesabu vidonge mbele yangu, mimi nahesabu vijiko mbele yake. Siku moja akanambia, “Abdul, wewe unasmile sana kwa mtu mwenye hajafanya kitu.” Nikamwambia ni meno tu.

Profesa mwenyewe alinyamaza. Nikadhani ni aibu. Kumbe alikuwa kazini.

Mwezi uliopita, wiki ile ile tuliyopata habari kwamba Sabri ametoka, Profesa akanambia nichukue simu nimsomee ujumbe wote wa Vivian, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka, kama tunavyosoma faili. Ilituchukua michana mitatu. Nikisoma yeye amefumba macho. Siku ya tatu akanizuia kwa mkono, akasema, taratibu:

“Abdul, nimekaa Singapore miaka sita. Hakuna mtu aliyenisalimu mara tatu kabla ya kusema lake. Huyu anauliza nimeamkaje, walio nyumbani wameamkaje, kazi inakwendaje. Nikipiga chafya ananipa pole, kama yeye ndiye aliyeniletea mafua. Na kila akimaliza anasema nimsalimie anayenisaidia. Miaka kumi tangu nishindwe kuona, hakuna aliyemsalimu mtu wa kunisaidia, hata binti yangu. Watu wawili tu wananisalimu hivyo. Mmoja ni huyu. Mwingine ni wewe, kila asubuhi, mlangoni.”

Dada, yale ndiyo malezi yako. Mtoto kafungiwa ndani, kaambiwa ajifanye mwanamke wa Singapore, kapewa karatasi ya maneno ya kusema, na bado hawezi kumtapeli mzee wa watu kabla hajamuuliza ameamkaje. Walinzi walimnyang'anya pasi, hilo hawakujua kulinyang'anya.

Nikamwambia Profesa kwamba ni mtoto wa dada yangu. Nikamweleza majengo, walinzi, safu mbili. Nililia, sikufichi. Yeye hakupandisha sauti. Aliuliza maswali yake ya kawaida, ya darasani: alikwenda kwa hiari au kwa kudanganywa, pasi ilikuwa kwa nani, angeweza kutoka, nini kiliwapata waliokataa. Kisha akasema kwamba mtu aliyeuzwa haadhibiwi kwa alichofanyishwa na waliomnunua, kwamba mataifa yameliandika hilo na kulitia saini, na kwamba yeye mwenyewe, kama mtu aliyeibiwa, yuko tayari kutoa taarifa kwamba hataki kijana ashtakiwe. Nikabusu mkono wake. Akafuta mkono kwenye blanketi, si kwa dharau, hakuzoea tu.

Aliyenipa wakili ni Serah, mwanamke niliyemshuku miezi mitatu. Alisikia habari jikoni, akafungua ule mkoba, na ndani yake hamkuwa na mali ya mtu: Biblia, dawa ya mgongo, na kadi za kila ofisi inayosaidia wageni kutoka hapa mpaka Baltimore. Akanipa moja. Ofisi yenyewe iko Hyattsville juu ya duka la simu, na wakili ni Mtanzania, kijana, jina lake Anitha. Hakutaka hata senti, jambo lililonitia shaka kubwa. Nikarudi mara mbili bila miadi nione kama ofisi bado ipo. Ipo. Mara ya pili akanikuta nasoma vyeti vya ukutani kwa kidole, akanambia, “Mzee Abdul, shikamoo, karibu. Ni vya kweli, naomba ukae.”

Anitha akanieleza kwamba taarifa ya Profesa itasaidia, lakini haitoshi. Kila aliye safu ya pili anasema alilazimishwa, wa kweli na wa uongo. Kinachopima ni kitu cha siku zile zile, kilichotoka mle ndani wakati mtu hajui kwamba kitamfaa mahakamani. Akaniuliza kama Sabri aliwahi kunitumia ujumbe wowote akiwa ndani. Nikasema hapana. Akauliza tena siku nyingine, kwa njia nyingine, kama waulizavyo mawakili. Nikasema hapana. Akaandika kitu. Niliyasoma maandishi yake kichwa chini: aliandika “anaogopa.”

Hadithi mpaka hapa, dada, nimekusimulia kama nilivyomsimulia yeye, kwa mpangilio unaonifanya nionekane mwerevu. Sasa sikiliza kilichobaki.

Ujumbe ulikuwepo. Ulikuja mwezi wa tano mwaka jana, asubuhi nikiwa kituo cha basi University Boulevard. Sauti ya Sabri, dakika moja na nusu. Nyuma yake kuna mtu mwingine analia, na kitu kinachopiga kwa mpigo sawa, kama kutwanga. Anasema amewekewa idadi, hajaifikisha, na kesho ni zamu yake pale wanapopiga. Kisha:

“Mjomba, nipe mtu mmoja tu. Mzee yeyote wa huko. Namba moja, mjomba, sikuombi kingine.”

Nilimpa Profesa. Wala sikumpa namba peke yake. Niliandika kwamba ni mjane, macho hayaoni vizuri, aliishi Singapore, anapenda kuulizwa habari za kazi yake ya Asia. Nilimwandikia na mwaka aliokufa mkewe. Vile vitu binti alivyovitafuta kwa daftari lake, vyote nilivitoa mimi kituoni, nimesimama, basi halijafika. Kwa hiyo zile salamu za “anayekusaidia” hazikuwa adabu peke yake. Mtoto alikuwa ananisalimu mimi.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Mwezi wa tisa Profesa aliingiwa na shaka. Alinambia nimwandikie Vivian kwamba kabla hajatuma tena atasubiri amuulize kwanza binti yake. Wiki ile Sabri alikuwa ameshanitumia neno moja tu: “Wananitazama.” Nikashika simu, na mzee ameketi mbele yangu akiangalia pembeni, nikaandika kwamba atatuma Jumatatu. Jumatatu nikabonyeza pesa ziende, na benki ilipopiga kuthibitisha, nikamwambia Profesa ni ile ya mwanzo ndiyo inakamilika, naye akawajibu ndiyo. Nusu ya kilichopotea ilipotea siku hiyo. Na nilipozisoma hukumu zote zile, dada, kwa mdomo wangu mwenyewe, kuhusu nani aliamuru na nani alitii, sikuwahi kusoma juu ya mtu kama mimi bila kukohoa.

Ijumaa ya wiki ya juzi nilimpelekea Anitha simu yangu. Akasikiliza sauti ya Sabri mara moja, akafunga mlango, akasikiliza tena. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa matumaini. Kisha akashuka chini ya ile sauti, akasoma nilichojibu. Viko pamoja, dada, kimoja juu kingine chini, huwezi kukipeleka hiki ukaacha kile. Wataitaka simu nzima. Anitha akanieleza kwamba yeye ni wakili wa Sabri, si wangu, na kwamba asiponiambia ukweli atakuwa amenikosea. “Hii inamtoa yeye, Mzee Abdul. Wewe inakuingiza. Nenda nyumbani, uongee na mke wako, uje Jumatatu.”

Sikwenda nyumbani. Nilipanda basi hadi Silver Spring, nikamkuta Profesa anangoja kusomewa. Nikamsalimu. Nikamwambia yote, namba, mjane, Jumatatu. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio alionifundisha. Nilipofika kwa Sabri na kile kipigo nyuma ya sauti nikakaa hapo sana, nikitaraji huruma. Kisha akaniuliza swali moja, kwa sauti ile ile ya darasani:

“Na wewe, Abdul, nani alikuwa amekushikia bunduki?”

Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Nje kuna mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa dukani. Hakukuwa na mtu mwingine mle chumbani. Nikamjibu, hakuna mtu.

Hakugonga fimbo. Aliniomba nimwite Serah kwa simu aje amsomee, nami nikampigia.

Jumatatu nilirudi Hyattsville nikatia saini simu nzima ipelekwe. Profesa naye, Serah anasema, alitia saini yake siku hiyo hiyo, ile ya Sabri, hakubadilisha neno. Ya kwangu hakuandika kitu, wala ya kunitetea wala ya kunishtaki. Ila amemwambia binti yake, na ilikuwa haki yake. Ajensi walioniajiri wamenisimamisha. Keshokutwa, Alhamisi, nimeitwa na wapelelezi, na Serah amenipata wakili mwingine, wangu sasa, kutoka ule mkoba. Serah huyo huyo nimemwomba radhi kwa miezi mitatu ya vijiko. Amesema ameshasamehe, ila alijua ni mimi.

Maryam anajua. Hajanisema. Amepika tu, akanipakulia, akakaa kunitazama nikila.

Na jana, dada, Anitha alipiga simu saa nne za asubuhi. Sabri ametolewa safu ya pili. Amepelekwa nyumba ya waliouzwa, ana kitanda, ana daktari, na jina lake liko katika orodha ya watakaorudishwa nyumbani. Tarehe haijatajwa, na mimi sitakutajia tarehe tena nisiyoijua. Lakini atakuja.

Akifika, usimuulize kitu. Mpe chakula, mwache alale, na mtu akilia mtaani au akitwanga, funga dirisha. Mpaka wa leo anaamini namba ile niliitoa bila kujulikana, na kwamba yule mzee alikuwa na mali ya kumwaga. Barua hii usimwonyeshe, ichome jikoni ukishamaliza. Namjua: akijua nani yuko mahali pake, hatakaa. Atakuuliza tu, mjomba hajambo? Mwambie hajambo. Mwambie amebadilisha kazi. Hilo si uongo wote.

Sina ninachokuomba isipokuwa uniwie radhi kwa ile tiketi niliyokudanganya, na ukiinua mikono baada ya alfajiri usiache kunitaja, hata kwa mwisho. Wasalimie wa nyumba nzima, na jirani wa ukuta mmoja kwa sauti ya chini. Maryam na Layla wanakusalimu, mmoja kwa kila lugha.

Nduguyo wa kufuatia,
Abdulsamad